Tathmini ya zahanati moja ya Kiborloni, Moshi: koo huangaliwa kwanza, dawa hufuata

Zahanati ninayoiandikia tathmini hii iko Kiborloni, katika Manispaa ya Moshi, ndani ya nyumba ya chini iliyo hatua chache kutoka barabarani. Jina lake silitaji, kwa kuwa ninachokipima si jengo wala mmiliki, bali namna wanavyomshughulikia mgonjwa wa koo, na namna hiyo mtu yeyote ana haki ya kuidai katika zahanati yoyote ya Moshi, Himo au Arusha. Nimekwenda pale na mwanangu, baadaye nikaenda na mdogo wangu, na majirani kadhaa nimewaelekeza huko. Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya mzazi anayesoma haya huku mtoto analia: kwa koo linalouma, hasa la mtoto aliyefikia umri wa shule, zahanati hii inaaminika, kwa sababu mgonjwa hufunguliwa mdomo na kumulikwa tochi kabla jina la dawa yoyote halijaandikwa.

Jambo hilo litaonekana dogo kwa asiyeijua njia ambayo wengi wetu tumeizoea. Inapofika Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlimani na mawingu kufunika mji hadi adhuhuri, watoto huanza kulalamika kwamba hawawezi kumeza. Mzazi huenda duka la dawa, huomba "dawa ya mafindofindo", na huuziwa vidonge vya rangi mbili kwa idadi inayolingana na fedha aliyoshika mkononi. Mara nyingi havifiki hata nusu ya dozi. Simlaumu muuzaji peke yake: yeye hana chumba cha kumpimia mtu, hana kitanda, na mteja mwenyewe amekuja akiwa ameshajiandikia dawa. Maduka ya dawa muhimu yametusaidia sana katika mitaa na vijiji visivyo na famasia, lakini swali la kwanza kuhusu koo, yaani ni nini hasa kilichosababisha uvimbe huu, haliwezi kujibiwa juu ya meza ya duka, mgonjwa akiwa amelala nyumbani.

Sababu ya swali hilo kuwa zito ni hii. Koo huvimba kwa visababishi vingi, na sehemu kubwa ya visababishi hivyo ni virusi, vile vile vinavyoleta mafua na kikohozi, ambavyo havidhuriwi na antibiotiki ya aina yoyote. Katika watu wazima, wanaougua koo kwa sababu ya bakteria aitwaye Streptococcus pyogenes ni wachache, pengine mtu 1 katika kila 10. Katika watoto wa kati ya miaka 5 na 15 idadi huongezeka, hufikia hata 2 au 3 katika kila 10. Kwa hiyo anayempa kila mgonjwa wa koo antibiotiki atakuwa amewapa wengi dawa wasiyoihitaji, na anayemnyima kila mgonjwa atakuwa amewaacha wachache katika hatari kubwa. Kazi ya mtabibu ni kuwatenganisha, na huduma ninayoisifu hapa ni ya kutenganisha.

Siku niliyompeleka mwanangu, ambaye yuko darasa la kwanza, muuguzi wa mapokezi alimpima joto na uzito kabla hatujakaa. Uzito ulipimwa kwa mizani, haukukisiwa kwa macho, na umuhimu wake niliuelewa tulipofika kwenye dozi. Ndani ya chumba, tabibu aliuliza maswali yaliyofuatana kwa mpangilio: maumivu yalianza lini na kwa ghafla au taratibu, mtoto ana kikohozi, ana mafua, sauti imekauka, macho yamekuwa mekundu, kuna mwingine nyumbani au darasani mwenye shida hiyo, amewahi kudhuriwa na penisilini au dawa nyingine yoyote, na ni dawa gani tumeshampa tangu homa ianze. Baada ya hapo alinawa mikono, akamwambia mtoto atoe ulimi na aseme "aaa", akambana ulimi kwa kijiti kipya na kumulika. Alimpapasa shingo chini ya taya, akatazama masikio, akamfunua kifua na tumbo kuangalia vipele, na akamsikiliza moyo. Mtoto hakulia. Nadhani ni kwa sababu alielezwa kila hatua kabla haijafanywa, kwa sauti ya upole, kama anavyoelezwa mtu mzima.

Alichokuwa akikitafuta nilikuja kukielewa vizuri baadaye, nami nakieleza hapa kwa sababu kila mzazi anaweza kukifahamu. Ziko dalili nne ambazo daktari wa Marekani, Robert Centor, na wenzake walizipanga mwaka 1981 ili kukisia kama koo limeshambuliwa na bakteria huyo: homa, mafindofindo yaliyovimba na kuwa na madoa meupe ya usaha, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na zinazouma zikiguswa, na kukosekana kwa kikohozi. Hiyo ya nne ndiyo inayowashangaza watu wengi, kwa maana tumezoea kudhani kwamba kikohozi huonyesha ugonjwa ulio mkali zaidi, kumbe katika suala hili kikohozi na mafua humwelekeza mtabibu kwenye virusi. Umri nao huhesabiwa: mtoto wa miaka 3 hadi 14 huongezewa uzito katika hesabu hiyo, na mtu wa miaka 45 na kuendelea hupunguziwa. Mgonjwa mwenye dalili moja tu au asiye nayo hata moja ni nadra kuwa na bakteria huyo. Mwenye dalili zote nne bado si lazima awe naye, lakini sasa ipo sababu ya kumpima au kumtibu. Mwanangu alikuwa na homa ya zaidi ya nyuzi 38, madoa meupe pande zote mbili, tezi zilizomfanya ajikunje zilipoguswa, na hakuwa na kikohozi wala kamasi.

Hapo tabibu alisema jambo ambalo sijawahi kuambiwa dukani. Alisema kwamba koo la aina hii lingeweza kupona lenyewe ndani ya wiki moja hata bila dawa, na kwamba dawa atakayotoa haikusudiwi hasa kuondoa maumivu, bali kuulinda moyo. Kinga ya mwili inapopambana na bakteria huyo, kwa baadhi ya watoto hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, kwa kuwa sehemu za bakteria zinafanana na sehemu za moyo na za viungo. Ugonjwa huo, yaani homa ya rumatiki, hutokea wiki 2 hadi 4 baada ya koo, wakati ambapo mzazi ameshasahau kwamba mtoto aliumwa: magoti na vifundo huvimba na kuuma kwa kuhamahama, homa hurudi, na valvu za moyo huanza kuharibika. Ukijirudia, valvu huwa na makovu, haziwezi tena kufunga wala kufunguka sawasawa, na kijana aliyekuwa akicheza mpira hujikuta hawezi kupanda mlima wa kwenda shamba bila kuhema. Wapo wanaosafirishwa mpaka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kwa ajili ya upasuaji wa valvu, na safari yao huenda ilianzia kwenye koo ambalo halikuangaliwa. Habari njema, ambayo alituachia nayo, ni kwamba tiba sahihi ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa hiyo. Mzazi aliyechelewa siku mbili tatu asikate tamaa wala asione aibu kufika.

Sikuzote nimeamini kwamba mgonjwa anayeelezwa sababu ya dozi ndiye anayeimaliza. Pale tuliandikiwa amoksilini, si dawa mpya wala ya bei kubwa, na nilipouliza kwa nini asipewe azithromaisini ambayo humalizika kwa siku chache, jibu lilikuwa la wazi: bakteria huyu mpaka leo hajashinda penisilini na jamii yake, ilhali dhidi ya azithromaisini na ndugu zake ameshaonyesha usugu mahali pengi, kwa hiyo hiyo ya pili huwekwa akiba kwa wale ambao miili yao haiipokei penisilini. Mwanangu ana kilo 20, na kipimo chake kikawa miligramu 500 asubuhi na miligramu 500 jioni, kwa siku 10 kamili. Kwa mtoto ambaye hakika hatamaliza siku hizo, au ambaye familia yake haina uhakika wa kutulia mahali pamoja, ipo sindano moja ya benzathini penisilini inayochomwa msulini mara moja tu na kumaliza kazi: uniti 600,000 kwa aliye chini ya kilo 27, na uniti milioni 1.2 kwa aliyefikia kilo hizo au kuzidi. Inauma, hakutuficha. Tulichagua vidonge vinavyoyeyushwa katika maji.

Dirisha la dawa la zahanati hii linastahili sifa yake pekee. Tumezoea kupewa bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa "2 x 2", nasi tunaondoka tukijifanya tumeelewa. Mhudumu wa pale alinitaka nirudie kwa maneno yangu jinsi nitakavyompa mtoto dawa, akaniambia kwamba siku ya tatu mtoto atakuwa anakimbia na nitashawishika kuzihifadhi zilizobaki kwa ajili ya mdogo wake, na kwamba huo ndio wakati ambao dozi za watoto wengi huishia. Ilikuwa kama alivyosema, na zilizobaki tulizimaliza. Aliongeza kwamba baada ya saa 24 za dawa, na homa ikiwa imeshuka, mtoto anaweza kurudi shuleni bila kuwaambukiza wenzake, lakini kikombe chake na kijiko chake vitengwe kwanza.

Kuhusu vipimo, zahanati hii ina busara ambayo ningependa kuiona kwingine. Mtoto mwenye homa alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, na hilo ni sahihi katika nchi yetu hata kama koo linaonekana wazi kuwa ndilo lenye shida, kwani mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili. Hakupimwa taifodi kwa kile kipimo cha damu cha Widal, ambacho katika vituo vingi hufuatana na cha malaria kama pacha, na ambacho majibu yake huwapeleka watu wengi kwenye dawa za ugonjwa wasiokuwa nao. Pia hawakutuuzia kipimo cha damu cha ASO, ambacho huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria huyo siku za nyuma na hakisaidii kuamua nini kinaliumiza koo leo. Wanachokikosa, na nitakirudia nitakapoeleza kasoro, ni kipimo cha haraka cha koo lenyewe, kile cha kupitisha pamba juu ya mafindofindo.

Ziara niliyokwenda na mdogo wangu ndiyo iliyonithibitishia kwamba huduma ile si ya kubahatisha. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, huzungumza kutwa nzima mbele ya darasa lililojaa, katika vumbi la chaki, na koo lake lilikuwa limemchosha kiasi kwamba sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Alikuwa na mafua, kikohozi kikavu, homa ndogo iliyopita, na alikuwa ameshaamua moyoni kwamba asipopewa antibiotiki ya Ampiclox amepoteza nauli. Alichunguzwa kwa utaratibu ule ule. Koo lilikuwa jekundu lakini halina usaha, tezi za shingo hazikuuma. Tabibu akamwambia, "Dada mwalimu, huu ni ugonjwa wa virusi. Nikikupa antibiotiki nitakuwa nimekuuzia kuhara na vipele, na bakteria wengine walioko tumboni mwako nitakuwa nimewafundisha usugu." Alimweleza kwamba kwa kawaida maumivu hudumu siku kadhaa hadi wiki moja, akampa parasetamoli, akamshauri aipumzishe sauti, na akamkataza kunong'ona kwa muda mrefu akidhani ndiko kupumzika, kwa kuwa kunong'ona nako huzichosha nyuzi za sauti. Mdogo wangu alitoka amenuna. Alipona bila Ampiclox, na sasa yeye ndiye anayewaambia walimu wenzake waache kununua vidonge vichache vichache mwezi unapokatika.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hupima ubora wa zahanati kwa uzito wa mfuko wa dawa wanaotoka nao. Mtoa huduma anayemwambia mgonjwa mwenye fedha mkononi kwamba hahitaji dawa anajinyima mapato ya siku hiyo, na anajiweka katika hatari ya kusemwa mtaani kwamba hajui kazi. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa hauletwi na mtu mmoja, ila kila chumba cha tabibu kina mchango wake, na chumba hiki kimechangia upande ulio mwema.

Ushauri wa nyumbani waliompa mdogo wangu niliuona kuwa mzuri, na baadhi yake nauandika. Kusukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, mara kadhaa kwa siku, hupunguza maumivu kwa mtu mzima na kwa mtoto anayeweza kutema. Chai ya tangawizi yenye asali inatuliza, na haina haja ya kutetewa wala kubezwa: haiui bakteria wa mafindofindo, lakini inamwezesha mgonjwa kunywa, na kunywa ni nusu ya kupona. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria anayeleta sumu ya kupoozesha watoto wachanga. Aspirini wasipewe watoto na vijana wenye homa. Pipi za koo zinazouzwa famasia hutia ganzi kidogo na kuleta mate, basi. Mtoto mdogo anaweza kupaliwa nazo. Nyungu, ambayo imepata wafuasi wengi miaka ya karibuni, hulainisha kamasi kwa mtu mzima, ila sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni jambo ambalo muuguzi alilikataza kwa ukali usio wa kawaida yake, na alikuwa na haki, kwa kuwa mtoto akiungua hapo ataugua muda mrefu kuliko koo lolote.

Lakini kilichonifanya niamue kuandika tathmini hii ndefu ni jinsi walivyoshughulikia suala la kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Siku ile ya mtoto tulikuwa na mama mkwe wangu, aliyetoka Kibosho kutusalimia. Baada ya kumwamkia na kumpa kiti, tabibu alimwuliza kama naye ana la kusema, na mama akasema alichokuwa nacho moyoni tangu nyumbani: kwamba kimeo cha mtoto kimeshuka, na kwamba yupo fundi anayekikata vizuri, mambo yakaisha. Nilitarajia akaripiwe. Tabibu hakumkaripia. Alisema, "Njoo uone mwenyewe, bibi," akammulikia, akamwonyesha kwamba kimeo kilikuwa chekundu na kimevimba kama kila kitu kilichokizunguka, na kwamba kitarudi katika ukubwa wake koo litakapopona, kwa kuwa kimeo hakikuleta ugonjwa bali kimeupata pamoja na vingine. Kisha akamweleza kazi yake: husaidia kuziba njia ya pua mtu anapomeza, ili maji na chakula visipandie puani, na hulainisha koo kwa mate. Mwisho akamweleza yanayotokea kikikatwa kwa wembe nyumbani: damu isiyokatika, kwa mtoto ambaye hana damu nyingi ya kupoteza, vidonda vinavyooza, pepopunda, na virusi vya UKIMWI ikiwa wembe umepita kwa mwingine.

Desturi ya kukata kimeo bado ipo katika maeneo mengi ya Tanzania, na wanaoitenda si watu wabaya. Ni mabibi na mababu waliokuwa wakitafuta nafuu ya kikohozi kisichoisha wakati zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima. Ndiyo maana namna ya kuwajibu ina uzito kuliko jibu lenyewe. Mama mkwe wangu angedharauliwa mbele ya mkwewe, angenyamaza, na mtoto mwingine wa ukoo angepelekwa kwa fundi kimyakimya. Alivyoheshimiwa, yeye mwenyewe aliuliza swali la pili, kuhusu mjukuu mwingine anayekohoa kwa wiki nyingi, na akaambiwa kwamba kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapaswa kupimwa kifua kikuu, na kwamba kipimo hicho na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mjukuu huyo alipelekwa. Huduma ya namna hiyo haiandikwi kwenye risiti, nami naiweka juu ya nyingine zote nilizoziona pale.

Sasa kasoro, ambazo si ndogo. Ya kwanza ni benchi la kusubiria. Wagonjwa wote, wenye kikohozi, wenye homa, wajawazito na watoto wachanga, hukaa bega kwa bega katika ukumbi mwembamba wenye dirisha moja, ambalo siku ya baridi hufungwa. Magonjwa ya koo husambaa kwa matone ya mate na makamasi, na haifai mtu aje na kidole kilichokatwa kisha aondoke na mafua ya jirani yake. Nje kuna mti wenye kivuli kizuri. Mabenchi mawili pale yangetatua tatizo kwa gharama ndogo. Ya pili ni ukosefu wa kipimo cha koo nilichokitaja. Bila kipimo hicho tabibu hukisia kwa dalili, na hata anayekisia vizuri atawapa antibiotiki baadhi ya watoto ambao hawakuihitaji. Ya tatu ni kwamba ubora unategemea zamu. Jirani yangu aliyekwenda jioni ya mwisho wa wiki alimkuta mhudumu mwingine, ambaye alimwandikia vipimo vya damu kabla hajamtazama mdomo, na ilimbidi jirani mwenyewe aombe koo liangaliwe. Utaratibu mzuri ukiwa kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye akienda likizo. Unapaswa kubandikwa ukutani na kufuatwa na wote.

Gharama ni ya wastani. Kumwona tabibu, kipimo cha malaria, amoksilini ya siku 10 na parasetamoli, kwa pamoja havikufikia noti mbili za shilingi elfu kumi, na risiti ilitolewa bila kuombwa. Bei, hata hivyo, hazikubandikwa mahali popote, na mtu mwenye fedha kidogo anastahili kujua kabla hajaingia ndani. Wenye bima waulize kwanza mapokezi, kwa kuwa si kila kadi inapokelewa.

Wapo pia wagonjwa wa koo ambao hawapaswi kusimama Kiborloni hata kidogo, na zahanati yenyewe iliniambia hivyo. Anayepumua kwa shida au kwa sauti ya kukoroma akiwa macho, anayetokwa na udenda kwa sababu hawezi kumeza hata mate, anayeshindwa kufungua mdomo, ambaye sauti yake imekuwa kama ya mtu mwenye kitu cha moto mdomoni, au ambaye shingo imevimba au kukakamaa upande mmoja, huenda ana jipu nyuma ya findo au uvimbe unaoweza kuziba njia ya hewa. Huyo apelekwe moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi au hospitali ya KCMC, zote za hapa Moshi, na asilazimishwe kufungua mdomo njiani ili aangaliwe. Mtoto ambaye hakukamilisha chanjo ya pepopunda, dondakoo na kifaduro, akiwa na utando wa kijivu uliogandamana kooni, naye ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Mtu mzima ambaye sauti imekauka kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua, hasa mvutaji wa sigara, au ambaye findo moja limekuwa kubwa kuliko jingine bila homa, aombe rufaa ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo, KCMC wapo. Na mwenye utando mweupe mdomoni unaorudi kila mara akubali kupimwa virusi vya UKIMWI, kwa maana wakati mwingine koo ndilo linaloonyesha mwanzo wa ugonjwa huo.

Kwa wengine wote, zahanati hufunguliwa asubuhi mapema, na foleni ni fupi kabla ya saa tatu. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto ili chanjo zake zionekane, na ubebe pakiti za dawa zozote ulizokwisha kumpa, hata zile ulizonunua vidonge viwili tu, kwa sababu ndilo swali watakalokuuliza mapema. Mtoto asisukutue wala kula kitu chenye rangi muda mfupi kabla ya kuangaliwa. Siku ya katikati ya wiki ndiyo yenye nafasi kubwa ya kumkuta tabibu niliyemweleza hapa.